Shingo Iliyonyooka

Mimi ni mwashi. Shule niliiacha darasa la pili, nikavuka mpaka kutoka Kenya na mwiko mmoja, na nyumba nilizojenga Mbale bado zimesimama. Asiyeamini aende akazipime. Ufundi huo ulinilisha, ukanipa jina, na ndio ulionipofusha siku mke wangu alipougua.

Ilikuwa miaka ya utawala wa askari. Mke wangu alikuwa mzaliwa wa Wanale, na wanawake wa huko hushuka mlimani na mkungu wa matoke kichwani bila kuushika. Asubuhi moja baada ya mvua aliteleza. Mkungu ukamfuata, ukamgonga kisogoni. Akainuka mwenyewe, akacheka, akasema matoke ya leo yamekwisha kupondwa, kazi yangu ni kula tu. Siku ya tatu hakuweza kugeuza shingo, na vidole vya mkono wa kulia vilishikwa na ganzi. Akawa anaangusha vikombe.

Hospitali tuliyokwenda kwanza ilikuwa na mashine ya eksirei lakini haikuwa na filamu. Enzi hizo kila kitu kilikuwa nusu hivyo. Sista mmoja akamfunga kola ya shingo aliyoishona mwenyewe kwa kadibodi, pamba na bandeji, akatuelekeza Jinja. "Usiivue, mama," akamwambia. "Hata ukioga."

Jinja tulifikia kwa shangazi yake, mtaa wa Mpumudde. Alhamisi akapigwa picha. Fundi wa eksirei alikuwa mzee wa Kisoga, mwembamba, mwenye koti jeupe lililotobolewa na dawa. Alimsimamisha ubavu, akamwambia ashushe mabega na azuie pumzi. Picha ilipokauka akaitundika kwenye kioo chenye taa, akatuita.

Nikatazama. Pingili zilikaa moja juu ya nyingine, wima, kama matofali ya nguzo. Nikatoa timazi yangu ya kupimia kuta mfukoni, maana sikuwa natembea bila hiyo, nikaiteremsha mbele ya kioo. Uzi ulipita katikati ya kila pingili.

"Imenyooka," nikasema. "Hata mimi nisingeipanga vizuri zaidi."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, bwana fundi," mzee akajibu. "Shingo yenye afya ina upinde kidogo kwenda mbele. Hii imekakamaa. Misuli inazuia kitu."

"Kitu gani?"

"Ndicho nataka kujua. Hapa alikuwa ametulia. Nataka picha mbili nyingine, moja akiinama, moja akiangalia juu, polepole, kwa nguvu zake mwenyewe. Nione kama pingili moja inateleza juu ya mwenzake. Lakini siwezi kufanya hivyo bila daktari kusimama hapa, na daktari kaitwa kambini. Njooni Jumatatu."

"Jumatatu!"

"Kwani ukuta wako huuachi ukakauka?"

Mke wangu akaanza kucheka, kisha akaishika kola kwa mikono miwili.

Sababu yangu ya kutongoja ilikuwa saruji. Nilikuwa nimengoja miezi kupata mifuko ya kumwaga linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ya darasa moja Mbale, na wiki ile ilikuwa imefika. Saruji iliyolala stoo, miaka ile, ilikuwa inaamka kwenye gari la mkubwa fulani. Nilikuwa nimetoa ahadi ya kumwaga zege Jumamosi, na mimi ahadi yangu haikuwahi kuanguka.

"Baba watoto, tungoje," mke wangu akasema tulipotoka nje. "Shangazi hajatuchoka."

"Si umeiona picha?"

"Nimeiona. Lakini shingo ni yangu, na inaniambia mengine."

"Mimi nasoma ukuta kwa jicho moja. Hiyo haina kasoro."

Akaikumbatia bahasha ya picha, akanifuata. Kama angegomba ningeweza leo kusema tulikosana. Aliniamini, na hilo ndilo linalonila.

Ijumaa, njiani kurudi Mbale, tulishushwa kwenye kizuizi. Askari kijana akamzunguka mke wangu.

"Wewe mama, nabeba nini kwa shingo?"

"Ni mgonjwa, afande," nikasema.

"Mimi nauliza yeye. Watu nafunga kahawa ya magendo kwa tumbo, yeye nafunga kwa shingo?" Akaichomoa picha kwenye bahasha, akaiinua juani. "Na hii? Ramani ya kambi?"

"Ni mifupa yangu, afande," mke wangu akamjibu. "Ukiona kahawa humo, tugawane."

Askari wenzake wakaangua kicheko. Hata yeye akatabasamu. Mmoja akasema, "Wacha yeye aende," na tayari tulikuwa tunarudishiwa bahasha. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Sikupenda mke wangu awe ndiye aliyetuokoa.

"Wacha aone, mama. Toa tu. Picha imesema shingo ni nzima."

Nikaifungua kola kwa mikono yangu nikampa askari. Akaipasua, akakuta pamba, akaitupa mtaroni. Mke wangu aliketi akishikilia kidevu chake mpaka Mbale.

"Sista atanishonea nyingine," alisema nyumbani.

"Ya nini?" nikamwambia.

Jumamosi nikamwaga linta. Jumapili majirani walikuja kumpa pole, nami nikaibandika picha dirishani niwaonyeshe jinsi mifupa ilivyopangika. Wakanisifu, kana kwamba niliipanga mimi.

Jumatatu asubuhi aliinama kupuliza moto.

Nilikuwa uani nikichanganya udongo, nikasikia sufuria ikianguka. Nilimkuta shavu lake liko kwenye majivu, macho wazi. Nikamkamata mabegani nimwinue.

"Usinivute," akasema. "Baba, usinivute. Sina mwili."

Aliishi miezi mitano akiwa amelala, amepooza kuanzia shingoni. Ndugu zake waliposhuka kutoka Wanale walimlaani yule askari aliyempokonya kola. Kila aliyekuja alimlaani, nami niliitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi, nani miaka ile angeuliza mara mbili akisikia ni askari? Watoto wangu wamekua wakijua hivyo. Sasa wasome hapa. Kijana yule alipasua kadibodi, lakini alipewa na mimi. Na ile safari ya kuondoka Jinja kabla ya daktari kurudi, hakuna bunduki iliyoniamuru.

Nilijifunza kumwosha, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko bila kumpalia. Yeye hakunisema hata siku moja. Jioni aliniuliza swali moja tu.

"Mikono yangu iko wapi?"

"Iko juu ya kifua."

"Ishike."

"Nimeishika."

Alikuwa akifumba macho, akingoja. Mimi nilibana vidole vyake, nikavibana zaidi, mpaka vikawa vyeupe.

"Umeishika?" akauliza tena.

"Nimeishika, mama."

"Haya," alisema. Na aliposema hivyo nilijua anasema tu ili nipate kupumzika.