Siku Majirani Walipomlilia Bibi Severina Akiwa Dirishani

Nilirudi nyumbani nikakuta watu wanamlilia bibi yangu.

Dakika ishirini kabla nilikuwa nimemwacha ndani anakunywa chai na kulalamika kwamba sukari haitoshi.

Ngoja nieleze taratibu, maana mpaka leo nikisimulia watu wanasema natunga.

Naitwa Elina. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii na mdomo usiotulia. Naishi Mwankoko, Singida, na mama yake baba, bibi Severina, mfinyanzi wa vyungu.

Au tuseme aliyekuwa mfinyanzi. Kwa miaka sita hakuwa amegusa udongo.

Sababu mtaa mzima uliijua. Bibi Magdalena, jirani wa nyumba ya tatu, alichukua chungu kwa Bibi, kikapasuka, akatangaza bombani kwamba vyungu vya Severina siku hizi vinavuja. Neno likatembea. Wateja wakakata mguu. Hao wawili wakaacha hata kusalimiana.

Mimi nilitaka anifundishe kabla macho yake hayajachoka. Kila nikiomba, jibu lilikuwa moja.

"Una cheti chako. Kafinyange hicho."

Mwaka huu vijana wa kata tukaanzisha matembezi ya sanaa. Nyumba kumi, kila nyumba fundi mmoja. Kuna mchonga mizinga ya nyuki, msuka vikapu, mchora vibao vya malori. Wageni wanatembea kwa miguu kituo hadi kituo, wanaona kazi palepale inapofanyiwa. Kwetu pakawa kituo cha saba.

Bibi alikubali shingo upande. Alikuwa amebakiza vyungu kumi na kimoja, vyote uvunguni.

"Akitokea hata mmoja leo akasema vinavuja," akaniambia asubuhi, "navivunja mwenyewe. Na habari ya udongo usiniletee tena."

Unaelewa sasa kwa nini sikuwa na raha.

Nikaazima turubai na viti vya plastiki kanisani. Nikatandika mkeka uani, juu yake kaniki, ili wekundu wa vyungu ujitokeze. Nilishaona picha za maonyesho mtandaoni, wanatandika kitambaa cheusi. Katikati nikaweka meza ndogo, picha ya Bibi kwenye fremu na maua kwenye kikombe.

Chini ya picha nikaandika kwa kalamu nene: SEVERINA, MFINYANZI, 1951 –

Ndivyo wanavyoandikwa wasanii walio hai. Nilisoma mahali.

Halafu nikamwomba Bibi akae ndani. Ana ulimi. Mgeni akiuliza swali la kijinga anajibiwa kwa Kinyaturu, na tafsiri yake huwezi kuitoa mbele ya watu. Nikamwambia nitamwita mwishoni, wakishaangalia.

Akanitazama. Akavuta kigoda mpaka dirishani.

Saa tano wageni hawajatokea. Nakaa, nasimama. Nachungulia barabarani. Napanga upya vyungu ambavyo vilishapangika. Mwisho nikashindwa, nikatoka mbio kwenda kituo cha sita kuwatafuta.

Nyuma yangu upepo ukaamka. Ukang'oa bango la kituo cha saba pale getini, ukalipeleka kwenye mashamba ya alizeti. Mimi sikuona.

Narudi sasa, niko mbele, Chediel kiongozi wa msafara ananifuata na wageni kama ishirini. Tunakaribia geti.

Nikasikia kilio.

Uani wanawake saba wamekaa mkekani, kanga kiunoni. Wazee wawili kwenye viti, kofia mapajani. Mtu alishaweka sahani ya rambirambi mezani, mbele ya picha.

Ndipo nikaiona kazi yangu kwa macho yao. Turubai. Viti vya kuazima. Picha na maua. Vyombo vya mwanamke mzee vimetolewa nje, vimepangwa juu ya kaniki kama vinasubiri kugawiwa ndugu.

Majirani hawa hawamo kwenye kundi letu la WhatsApp, na huko ndiko tulikotangazia. Hakuna aliyewafuata kuwaambia. Waliona walichokiona.

"Pole, mjukuu wangu," mzee mmoja akaninong'oneza. "Mbona hamkutuma hata mtu?"

"Shikamoo babu. Hapana, siyo hivyo..."

"Hata mwaka wenyewe hawajamalizia kuandika," mwenzake akasema, anatikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi."

Nyuma Chediel akavua kofia. Wageni nao wakavua. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Chediel alishatuma kwenye kundi: Kituo cha saba tumepata msiba, tuwe watulivu.

Nikafungua mdomo niseme. Hapohapo bibi Magdalena akapiga magoti mbele ya vyungu, akashika kimoja kwa mikono miwili.

"Severina," akasema. "Umeondoka, na mimi sijakwambia."

Nilipaswa kumkatisha. Sikumkatisha. Nilitaka kusikia.

"Kile chungu hakikuwa na kosa. Uliniambia nikipikie uji kwanza. Nilikuwa na wageni wa posa, maharage hayajabandikwa, nikaona nitachelewa. Nikakibandika hivyohivyo. Kikapasuka, mchuzi ukazima moto, wakwe wanaangalia. Ningesema nini? Nikasema ni chungu."

Wanawake wakaacha kulia.

Chungu kipya lazima kinyweshwe uji mwepesi, matundu yazibe, ndipo kipikiwe. Kwetu hilo hata msichana wa darasa la nne analijua. Mama mzima kuliruka ni aibu ya kuhama nayo mtaa.

"Rudia."

Sauti ilitoka dirishani.

"Rudia hapo kwenye maharage, Magdalena. Kuna watu wamechelewa."

Sitawadanganya kwamba tulitulia. Wanawake watatu waliruka uzio, na geti lilikuwa wazi. Chediel alijificha nyuma ya mgeni aliyekuwa anamwongoza.

Bibi akatoka na kikombe chake cha chai.

"Wewe umekufa," Magdalena akasema, bado yuko magotini.

"Nimekufa miaka sita. Kanga ya msiba ndiyo umeifunga leo?"

"Nisamehe, dada."

"Nitaangalia. Kwanza sema tena, hawa wageni wakusikie."

Akasema tena. Yote, na maharage yake. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua chungu kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikaitika kama kengele. Mgeni wa kwanza akauliza kama anaweza kukinunua.

Kufika saa nane mkeka ulikuwa mtupu.

Sahani ya rambirambi Bibi alikataa kuirudisha. "Nimeliliwa," akasema. "Ni yangu."

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Bibi, uliwaona tangu mwanzo. Mbona hukutoka?"

"Uliniambia nikae ndani."

Nikaanza kukunja mkeka.

"Halafu nilimwona Magdalena anaingia," akaongeza. "Nikataka kujua analeta nini."

"Kwa hiyo miaka yote ulijua anakusingizia?"

Akageuza viganja vyake, akaviangalia.

"Mimi nilimwamini," akasema. "Nilidhani mikono yangu imeishiwa ufundi."

Mtaa mzima, mimi nikiwemo, tulisema Bibi kasusa. Hakususa. Alikuwa anajiogopa.

Jumatatu tulikwenda kuchimba udongo, watu watatu. Magdalena alibeba jembe. Njia nzima walibishana ni wapi pa kukata kona. Chungu changu cha kwanza kimepasuka motoni, na Bibi ametamka maneno ambayo hapa sitayaandika.

Somo langu silirembi. Ukiitoa nje kazi ya mtu ukamwacha mwenyewe ndani, usishangae majirani wakija kukupa pole. Mtoe nje, na ulimi wake.

Na wewe uliyemharibia mtu jina kuficha aibu yako, usidhani amekukasirikia tu. Huenda alikuamini. Nenda leo, ukamwambie akiwa bado anaweza kukutukana.