Ua la Reli na Maji ya Thawabu

Marehemu mume wangu aliliokota ua lile kando ya reli, akirudi kutoka swala ya alfajiri: kitonge kikavu chenye miba, kimejaa mbegu. Akazipanda kwenye kona ya uwanja wa nyumba yetu hapa Makina, pale jua linapopiga tangu asubuhi hadi alasiri. Majirani walisema amepanda gugu. Likaota, likanipita kwa urefu, likatoa maua ya rangi ya chungwa yaliyopangana juu ya shina ghorofa kwa ghorofa, na ndege aina ya chozi wakaja kunyonya. Tangu lilipochipua, hakulimwagilia maji tena. Alimwachia Mola.

Alipofariki nikaingia eda. Kina mama wakaja kila alasiri kunisomea, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao. Wali wao nilikula. Lakini kiongozi wao, maalima mmoja mwenye sauti nzito na elimu nyepesi, aliliona ua, akauliza ni la nani. Nikajibu ni la marehemu. Papo hapo akatangaza kwamba kila atakayelimwagilia anampelekea marehemu thawabu.

Basi kila aliyetawadha akamalizia jagi lake kwenye shina. Wengine walijaza jagi la pili kwa ajili ya wafu wao wenyewe, ambao mume wangu hata hakuwajua. Wanawake hawa walifundishwa tangu utotoni wasifuje maji hata wakitawadha mtoni, na maji yenyewe yalikuwa ya mitungi yangu.

Nikawaambia ua hili halitaki maji.

"Dada, kuna kiumbe kisichotaka maji?" maalima akauliza, akiwatazama wenzake.

"Kipo. Umesimama mbele yake."

Wakanionea huruma. Walinong'onezana kwamba msiba umenichanganya. Majani yalipogeuka manjano wakasema ni kiu, wakaongeza. Shina likaoza chini, likalala.

"Limemfuata mwenyewe," maalima akasema, na kina mama wakalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nikitazama tope ambamo ningeweza kupanda mpunga.

Mbegu zote zilikuwa zimeoza humo. Tumaini langu likabaki kwa wifi yangu wa Gatina, mwanamke ambaye vyombo vyake huoshwa mgeni akibisha hodi. Kaka yake alimpa mche mmoja, naye akauweka juu ya paa la ghorofa, kwenye mkebe wa rangi. Nilimsema sana kwa uvivu wake. Sasa nikampigia simu, nikamuuliza kama ua bado lipo.

"Ua gani?"

"Alilokupa kakako."

Nikamsikia akipanda ngazi, akihema.

"Wifi, sijalitazama tangu Idi. Limepita kamba za nguo. Ngoja nilitilie maji kidogo."

"Usiliguse."

Nilikata simu, nikasujudu sijda ya shukrani. Sikutarajia maishani mwangu kumshukuru Mola kwa uvivu wa wifi.

Eda ilipokwisha nilikwenda mwenyewe kuchukua vitonge, maana angesahau kuvileta. Tope lilipokauka nikatawanya mbegu kwenye kona ileile. Miche ilipofika magotini, maalima akaja kunijulia hali, akaiona, na moja kwa moja akaenda kujaza jagi.

Nikalipokea jagi mkononi mwake, nikamshukuru kwa adabu, nikatawadha nalo mpaka tone la mwisho, ingawa udhu wangu ulikuwa haujatenguka.