Maombi ya Mapazia

Nilimshonea mzee mmoja wa Kitisuru mapazia ya nyumba nzima, nikamtumia ankara kutoka duka langu dogo la ushonaji pale mjini. Kila nilipompigia simu alinijibu kwa upole, "Mama, wiki ijayo." Wiki zikawa miezi.

Jumapili moja, kanisani kwetu Mutuini, tulikuwa na harambee ya kuezeka paa. Mgeni wa heshima akawa yeye. Alitoa kitita kikubwa, waumini wakapiga makofi, nami nikapiga, maana adabu ninazo. Kisha mchungaji akaniita mbele nimwombee mgeni wetu.

Nikafumba macho. "Baba, mbariki mtumishi wako kwa ukarimu huu. Na kama kuna fundi yeyote anayemdai, wa mapazia kwa mfano, umkumbushe leo hii."

Kanisa zima likaitikia amina. Yeye pia aliitikia, ila kwa sauti ndogo.

Nikiwa ninawapakulia wageni chakula, simu yangu ikalia. Pesa zote zilikuwa zimeingia. Akanijia na sahani yake.

"Mama, una kipawa cha maombi."

"Asante, mzee," nikamjibu, nikamwongezea nyama.