Niliiba Kengele ya Darasa kwa Ajili ya Msichana Mmoja

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka ishirini na mitatu, nina watoto wawili, naishi Malaba upande wetu huu wa Kenya. Jina langu mwenye ukurasa analo na ameniahidi litabaki kwake. Mume wangu ni taniboi, msaidizi wa dereva, wa malori yanayoingia Uganda, kwa hivyo siku nyingi niko peke yangu na mawazo. Wiki hii yamezidi. Nakaa, nasimama, nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Mimi mwenyewe niliacha shule kidato cha pili nikiwa na mimba. Ndiyo maana kanisa lilipofungua darasa la mchana la wasichana walioacha shule mapema, nilijitolea kufundisha kusoma na hesabu. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la pikapu iliyofungwa kwa waya kwenye boriti ya baraza, tunaigonga kwa kipande cha chuma. Ikilia, hata wauza nyanya sokoni wanajua ni saa nane.

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na tano, nitamwita Nafula, si jina lake. Yeye na shangazi yake walihamia huku kutoka upande wa mlima baada ya vita vya kugombania mashamba. Kila ringi ikigongwa, Nafula alitoka mbio hadi nyuma ya choo. Nilimkanya, nikamsimamisha mbele ya wenzake, wapi. Siku moja nikasema, "Kwa vile unapenda sana kutoka, kuanzia leo wewe ndiye mgonga kengele." Niliona nimetumia akili, mtundu mpe kazi. Nilimshika mkono wenye chuma tukagonga pamoja. Alijikojolea palepale. Wenzake wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Msichana mzima, huoni haya?" Kesho yake hakuja. Wala wiki hiyo, wala iliyofuata.

Kisha tukaitwa semina Amukura, siku tatu, sisi tunaofundisha watoto wa namna hii, walioacha shule na mengine wameyaona ambayo hawasemi. Mkufunzi alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti. Akatuambia, "Mtoto akikimbia, usianze na 'ana tabia gani huyu?' Anza na 'amesikia nini?'"

Mwalimu mmoja mwenye mvi akauliza, "Na fimbo zetu, madam, tuziweke wapi?"

"Jikoni, mzee. Zitachemsha chai."

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia ringi.

Niliporudi nilimtafuta Nafula, nikamkuta kwenye foleni ya malori akiwauzia madereva njugu. Nikamwambia, "Nilikukosea. Sikuja kukuuliza kitu." Alinifungia njugu kwenye karatasi, akakataa nilipe. Halafu akanieleza mwenyewe, akiangalia magurudumu. Alichoniambia sitakiandika hapa, nilimwahidi. Jueni tu kwamba kijijini kwao ringi kama ile iligongwa kuita watu, siku ambayo watu wao walipotea.

"Mwalimu, kusoma nataka," akasema. "Lakini ukiwaambia, hutaniona tena."

Nilimwendea mwenyekiti wa kamati ya kanisa inayosimamia darasa, nikaomba tutumie filimbi. Nilisema tu kwamba ringi inawashtua baadhi ya wasichana. Akanijibu, "Mama, filimbi ni ya mpira na ya polisi. Wakikuendesha hivi leo, kesho watakwambia ubao unawaumiza macho."

Basi Jumapili, watu wakiwa ibadani, nilimfunga mtoto mgongoni, nikafungua ile waya, nikaitia ringi kwenye beseni, nikaifunika leso na kujitwika. Njiani mama mmoja akadhani nimebeba dagaa, akanisimamisha.

"Dada, omena hiyo unauzaje?"

"Si ya kuuza, ni ya nyumbani."

"Mbona shingo inazama hivyo? Omena ya chuma?"

Nilicheka naye, nikaongeza mwendo.

Nafula amerudi. Anakaa karibu na mlango, lakini anakaa. Juzi alisoma ukurasa mzima kwa sauti bila kugeuka nyuma hata mara moja.

Sasa shida yangu ni hii. Kamati imeamua kwamba mwizi ni mzee mmoja anayenunua vyuma vikuukuu, kwa sababu alionekana akipita pale Jumapili hiyohiyo. Wamemnyang'anya mizani yake mpaka ringi irudi. Kila asubuhi anakuja kwa mwenyekiti kuapa, kofia mkononi, nami napita nikimwamkia kama mtu mwema. Na mwenyekiti amepata ringi nyingine, hii ya lori, kubwa zaidi. Itatundikwa Jumatatu.

Nikikiri na kutoa sababu, nimemwanika Nafula mbele ya watu, na ataondoka. Nikikiri bila sababu, nitafukuzwa kama mwizi, na mwingine atakayeshika chaki hajui anayekaa karibu na mlango ni nani. Nikinyamaza, mzee wa watu hana kazi, na Jumatatu saa nane chuma kitalia tu. Nimefikiria kumwambia Nafula mapema asije siku hiyo. Lakini Jumanne je?

Mtaniuliza siogopi mwenyekiti atasoma haya? Yeye hata gazeti hulisoma likiwa limefungia nyama, sembuse ukurasa wa simuni.

Ringi iko chini ya kitanda changu. Jana kifunguamimba wangu aliingia huko na kijiko akaigonga, mara moja tu. Niliruka nikamwaga uji wote. Majirani wakauliza, "Mama, kuna nini?" Nikasema panya. Tangu hapo ni mimi ninayeshtuka kila chuma kikigusa chuma.

Mizani ya yule mzee nitahakikisha imerudi, hilo nimeshaamua, hata kama ni kwa aibu yangu. Ni Nafula ndiye sijui nimlinde vipi, na leo ni Ijumaa. Nishaurini, nifanye nini? Ila msiniambie nimwambie azoee. Hilo nilishamwambia, nikiwa nimemshika mkono.