Beji ya Babu Ilirudi na Swastika Mpya

Niliibandua ile stika kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye goti la mtoto.

Chini yake kulikuwa na swastika.

Nikaganda.

Maana beji niliyompa yule mzee haikuwa na swastika. Haikuwa nayo tangu enzi za vita. Pale chini palikuwa na upara tu, chuma kimesagwa mpaka kimekuwa bapa.

Sasa ilikuwa imerudi, na upara umeota.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hata sasa ninapoandika bado nina hasira.

Naitwa Svenja. Nakaa Gersfeld, chini ya mlima ambao vijana walijifunzia kurusha ndege zisizo na injini tangu kabla bibi yangu hajazaliwa. Baba yake Bibi, tuliyezoea kumwita Babu Ewald, alikuwa mmoja wao. Vita ilipokuja wakampa ndege kubwa za aina hiyo, zilizojaa askari. Ndege nyingine inaivuta juu, kamba inaachiwa, halafu unashuka kimya kimya kwenye shamba la adui. Hakuna injini, hakuna kurudi.

Marubani hao walikuwa na beji yao. Tai anayepaa, katikati ya shada la majani, na chini ya shada, swastika, ile alama ya Hitler.

Hawakuwa wengi, kwa hiyo beji zao ni adimu. Wapo watu huku kwetu wanaoweza kuuza figo waipate moja.

Ya Babu Ewald ilikuwa kwenye droo ya Bibi. Na ilikuwa na hadithi yake.

Hadithi ni kwamba Babu, katikati ya vita, alichoshwa na Hitler. Akachukua beji yake, akaisaga ile alama mpaka ikaisha. Kila Krismasi, bata bukini akiwa mezani, hadithi ile ilisimuliwa. Nimekulia humo. Wenzangu walikuwa na aibu ya babu zao. Mimi nilikuwa na Babu Ewald.

Sasa mimi shule niliiacha mapema, nikaja kupata mtoto, binti yangu Merle. Alipofikisha miezi sita nikajiambia, Svenja, mtoto huyu hatakua na mama asiye na cheti. Nikaanza masomo ya jioni mjini Fulda.

Siku moja kwenye somo la historia nikanyoosha mkono. Nikasimulia habari za beji. Nilisimulia kwa mbwembwe, kifua mbele.

Mwalimu Siebold akacheka.

"Mama Merle," akasema, "nimefundisha miaka mingi. Kila familia ina babu aliyempinga Hitler. Sasa waliomfuata walikuwa nani? Ng'ombe?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Babu yangu aliisaga!" nikasema.

"Aliisaga lini? Kama ni baada ya Wamarekani kufika, huo si upinzani, huo ni woga. Wakati ule kila mtu alikuwa na tupa ya kusagia mkononi. Leta ushahidi, mimi nitakuvulia kofia."

Niliondoka pale uso unawaka.

Ushahidi? Nitaleta. Tena nitaleta mpaka umeze hiyo kofia.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee Volkmar Dressler. Zamani alikuwa fundi wa kutengeneza meno bandia. Maisha yake yote ya pembeni ameyamalizia kwenye beji za marubani wale. Anazikusanya, anazipima, anazipiga picha, anaziandikia makala. Mwonyeshe manyoya ya tai, atakutajia kiwanda.

Alipoiweka chini ya lenzi, pumzi ilimkatika.

"Mama yangu," akanong'ona. "Kiwanda hiki kilitoa chache mno. Sikutegemea kuishika moja kabla sijafa. Lakini hapa chini... nani kaifanyia unyama huu?"

"Hapo ndipo ninapotaka mimi," nikamwambia. "Beji siiuzi. Nataka uusome huo upara. Ulisagwa lini? Chuma si kinaonyesha?"

"Kinaonyesha, binti. Mkwaruzo wa wakati wa vita haufanani na mkwaruzo wa jana. Unakuwa na weusi wake, ndani kabisa ya mifereji. Niachie. Usiwe na wasiwasi."

Nikamwachia. Nilitoka pale nimejaa matumaini hadi nikamnunulia Merle puto.

Sasa turudi kwenye stika.

Kwetu sheria hairuhusu kuonyesha ile alama hadharani. Wakusanyaji wanajua. Kwenye maonyesho yao utakuta tai wamejipanga mezani, na kila mmoja kabandikwa stika ndogo nyeupe pale chini. Kwa hiyo mzee Dressler aliponirudishia beji ndani ya kiboksi chenye pamba, nikaona stika, nilidhani ni mazoea tu. Nikaibandua.

Nikamtazama. Anatabasamu kama mtoto aliyechora picha.

"Umefanya nini?" nikauliza.

"Umeipenda?"

"Nimekuuliza umefanya nini!"

"Nilikuwa na shada lililovunjika, la kiwanda kilekile. Nikakata kipande, nikakilehemu. Tazama mshono. Huuoni! Kazi ya meno hiyo, binti, meno hayasahauliki."

"Na upara?"

"Nimeupitishia tupa kidogo. Lehemu haishiki pachafu."

Pachafu.

Jamani. Alipaita pachafu.

"Lakini kabla hujapitisha tupa uliangalia? Uliona ilisagwa lini?"

Akakuna kidevu. "Kusema kweli, sikuangalia. Nilipokipata kile kipande nikasahau mengine yote. Nilikuwa na nafasi ya kuirudisha ilivyokuwa."

Yaani mtu huyu anahesabu manyoya ya tai. Anajua umbo la kila jani kwenye shada. Halafu kitu kimoja kwenye ile beji kilichofanywa na mkono wa mtu, si mashine, hakukitazama!

"Nilikuomba uusome," nikamwambia. "Wewe umeufuta!"

"Ilikuwa na kilema, mama. Nimeiponya. Na wala sikudai hata senti."

"Kilema? Hicho ndicho kitu pekee babu yangu alichowahi kusema kuhusu vita! Alikisema pale! Umemziba mdomo, halafu juu yake ukabandika huu uchafu!"

Merle, aliyekuwa amelala kifuani kwangu kwenye mbeleko, akaamka akaanza kulia.

"Taratibu, unamtisha mtoto..."

"Mtoto wangu usimtaje!"

Nikatoka. Mlango niliupiga hadi vioo vya makabati yake vikalia.

Kibaya zaidi unajua nini? Mzee yule hakuwa mwizi. Angekuwa mwizi ningelala. Alifanya kwa mapenzi. Kwake yeye, beji nzuri ni beji nzima, basi. Jambo la mtu aliyeivaa halikumpitia kichwani.

Nikaendesha gari moja kwa moja hadi kwa Bibi.

Bibi yangu Irmtraud ana miaka themanini na saba, na bado anamenya viazi mwenyewe. Nilimkuta jikoni. Sikusalimia. Nikaitupa beji mezani, katikati ya maganda.

"Tazama! Tazama walichomfanyia baba yako!"

Nikamwaga yote. Dressler, lehemu, tupa, pachafu. Nililia, nilitukana, nikalia tena.

Bibi akafuta mikono kwenye aproni. Akavaa miwani. Akaishika beji karibu na dirisha, akaigeuza huku na huku.

Halafu akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Tabasamu ambalo sikuwahi kuliona.

"Mwishowe amepata alichotaka."

"Nani? Dressler?"

"Baba."

Sikuelewa. "Bibi, Babu si ndiye aliyeisaga?"

"Keti, Svenja."

"Siketi."

"Basi simama. Aliyeisaga ni mama yangu."

Nikaketi.

Bibi akaelekeza kisu kwenye mlango wa nyuma. "Pale nje, kwenye ngazi ya jiwe. Mwaka wa arobaini na tatu. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa pembeni yake na mwanasesere wangu."

Mama yake aliitwa Ottilie. Mimi Ottilie nilimjua kwa picha moja tu, mwanamke mwembamba aliyeshika sinia la keki, nusu ya uso imekatwa.

"Mama alikuwa na mdogo wake, Vinzenz," Bibi akaendelea. "Alikuwa na kifafa. Walimpeleka hospitali, wakasema watamtunza. Halafu ikaja barua. Amekufa kwa homa ya mapafu, na majivu yake haya hapa kwenye kasha. Vinzenz huyo, Svenja, hakuwahi hata kushikwa na mafua. Kijiji kizima kilijua maana ya barua za namna ile: serikali ilikuwa inawaua wagonjwa kama yeye. Hakuna aliyethubutu kusema."

"Sasa mama yako alifanya nini?"

"Aliikunja barua. Akaenda kwenye droo. Baba kule vitani alivaa beji ya kitambaa, hii ya chuma ilikuwa ya Jumapili. Mama akaichukua, akaketi kwenye ngazi, akaanza kuisugua kwenye lile jiwe. Mchana kutwa. Akipita jirani akiuliza, anasema anasugua kutu. Vidole vilimtoka damu."

Arobaini na tatu. Vita katikati. Neno moja kwa mtu mbaya, na kichwa kinakwenda.

Huo ndio ushahidi niliokuwa nautafuta. Ila haukuwa wa mtu niliyemtafutia.

"Na Babu alipoona?"

"Alikuja likizo. Akaitafuta avae kwenda kanisani. Alimzaba kofi mbele yangu, nalisikia mpaka leo. Hakumshtaki, hilo tumpe. Lakini hakumsemesha mpaka likizo ikaisha. Vita ilipokwisha akazunguka kwa masonara. 'Mke wangu aliiharibu, nirudishieni.' Wa Fulda alimfukuza dukani. Alitafuta fundi mpaka anaingia kaburini."

Na mimi, mjukuu wa binti yake, ndiye niliyempelekea fundi.

"Mbona mlisema ni yeye?"

Bibi akavua miwani.

"Siku ya msiba wake. Padri alikaa hapo ulipokaa wewe. Akaniambia, nipe jambo moja jema la kumsemea marehemu, la wakati wa vita. Nikatafuta, Svenja. Nikatafuta. Sikupata. Basi nikachukua la mama, nikampa baba."

"Ottilie alikuwa ameshakufa?"

"Alikuwa kanisani. Benchi la mbele. Padri alipolitamka, watu wakatikisa vichwa kukubali, wengine wakalia. Mama akageuka, akanitazama. Basi. Aliishi miaka mitatu zaidi, hakuligusia hata siku moja."

Maishani mwangu sikuwahi kumpandishia Bibi sauti. Siku ile nilipandisha.

"Ulimwibia mama yako! Mbele ya macho yake! Alihatarisha shingo, akala kofi, halafu ukachukua ukampa aliyempiga!"

"Ndiyo," akasema Bibi.

Hakujitetea. Hakusema zama zilikuwa ngumu. Ndiyo, basi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Hasira ilibaki imesimama, haina pa kwenda. Tulikaa hivyo, Merle akinyonya, viazi vikibadilika rangi kwenye bakuli.

Kisha Bibi akanyanyuka. Akachukua beji.

"Nishike mkono."

Tukatoka mlango wa nyuma. Akashuka akaketi kwenye lile jiwe, pole pole, magoti yakilia. Akaibana beji kwa vidole vyake vilivyopinda, akaanza kuisugua kwenye jiwe.

Krrr. Krrr.

"Bibi, utaumia. Nipe mimi."

"Wewe nyonyesha. Hii ni kazi yangu."

Na lehemu ya mzee Dressler, nisiwadanganye, ilikuwa imara. Fundi ni fundi. Bibi alisugua, akapumzika, akasugua. Jasho likamtoka. Nilikaa pembeni yake nikiuma midomo.

Akapita jirani, Bi Hedwig, na baiskeli yake. Akasimama kwenye ua.

"Irmtraud! Umri huo umekaa kwenye jiwe baridi! Unasugua nini?"

Bibi hakuinua macho. Lakini sauti aliiinua. Nadhani barabara yote ilisikia.

"Nasaga swastika ya baba yangu! Kanisani niliwaambia aliisaga mwenyewe. Nilidanganya. Aliyeisaga ni mama yangu, Ottilie, na baba alimpiga kwa ajili yake. Kawaambie na wengine!"

Bibi akaendelea. Krrr. Krrr.

Wiki iliyofuata nilisimama darasani.

"Mwalimu, ulisema kweli," nikaanza. "Babu yangu hakumpinga mtu yeyote." Watu wakaanza kutabasamu. Kisha nikasimulia yaliyobaki. Tabasamu likawaishia. Nilipomaliza, mwalimu Siebold alisema hivi tu: "Rudia jina lake. Nataka waliandike."

Mzee Dressler alizisikia habari, akapiga simu akisikitika kwamba beji imeharibiwa tena. Nilimwambia, "Ukitaka kuiandikia makala, njoo kwa Bibi, uketi, usikilize kwanza. Lenzi iache nyumbani." Bado hajaja. Atakuja, au hatakuja.

Hasira yangu haijaisha, na siombei iishe.

Wewe unayesoma hapa, usiniambie pole. Kwenu pia kuna shujaa anayesifiwa kila sikukuu. Nenda kwa mzee aliyebaki, kesho, usisubiri msiba. Usimuulize babu alifanya nini. Muulize bibi alifanya nini, na sifa zake amezibeba nani.

Merle ameanza kutamka maneno. Kila jioni namwonyesha ile picha iliyokatwa nusu.

"Ottilie," namwambia. "Sema Ottilie."

Bado hawezi. Tunarudia.