Dodoki la Mama Mkwe

Osaretin husafisha skrini za kompyuta chini ya mwavuli pale Ikeja, Lagos, na kwa miaka mingi aliamini kwamba adui wa kioo ni vumbi. Hiyo ilikuwa kabla hajampenda Morenike, binti wa mama shemasi.

Mama Morenike hana ubaya. Ana chupa tu. Chochote kipya kikiingia nyumbani kwake hupakwa mafuta ya upako: friji, jenereta, hata mpangaji. Morenike aliponunua laptopu ya kazi, mama aliipaka kioo kizima ili shetani asipate pa kushika. Shetani hakupata. Morenike naye hakuona kitu. Basi mama akayaondoa mafuta kama anavyoondoa ukoko wa wali wa jollof: kwa sabuni ya unga na dodoki.

Jumamosi aliitua laptopu mbele ya Osaretin. Kioo kilikuwa na mabaka kama mbwa mwenye upele.

"Wewe ndiye unayemtaka binti yangu?"

"Ndiyo, Mama." Akalala kifudifudi juu ya nyaya na skrubu, maana kwao Morenike mchumba hasalimii akiwa wima.

"Inuka. Haya madoa yakitoka, lete wazee wenu tuzungumze. Yasipotoka, yupo kijana wa benki."

Osaretin akakigeuza kioo juani. "Mama, haya si madoa. Kioo huwa na utando mwembamba wa kupunguza mng'ao. Umebanduka."

"Umebanduliwa na nani?"

Mimi, muuza chaja wa mwavuli wa jirani, niliacha kuuza.

"Na dodoki, Mama."

"Si mafuta?"

"Mafuta sina ugomvi nayo."

"Enhe."

"Utando haurudi. Naweza kuutoa wote uliobaki, mabaka yaishe. Ila kitang'aa kama kioo cha kinyozi."

"Yaani dawa ya kilichoharibika ni kumalizia kukiharibu?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata serikali haijawahi kutuambia wazi hivyo. Fanya."

Akafanya, kwa spiriti na kitambaa laini, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi mbele ya wageni. Mabaka yakaisha. Herufi nazo zikaisha: kwenye jua lile kioo hakikuonyesha ila Mama Morenike mwenyewe, na kilemba chake.

Akasogea. Akakagua meno. Akakivuta kilemba kushoto.

"Kumbe kimekaa kombo tangu asubuhi! Na baba Morenike ananitazama tu, kimya."

Osaretin alikuwa ameanza kulala kifudifudi tena, kwa tahadhari.

"Inuka, bwana. Lete wazee wenu."

Siku hizi Morenike hufanya kazi pazia likiwa limefungwa, na mama huingia kila Jumapili kabla ya ibada kujitazama.

Lakini siku ile, kabla hajaondoka, mama alitoa chupa ya upako kwenye mkoba, akakiinamia kioo. Osaretin akafumbua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Utando wenyewe ulikuwa umekwisha. Mchumba ndiyo kwanza amepatikana.