Maji Yanayochemka Bila Kuni

Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka, nami nilipopata likizo kazini Tabora, ambako nilikuwa mhudumu wa wodi, nilikwenda moja kwa moja kwetu Kibondo kukaa na mama. Tulilima pamoja, tulikula pamoja, na mama hakulia. Hata baba hakumtaja. Nilitaka nimchukue tukaishi wote Tabora, kwa kuwa nyumba ilibaki na yeye peke yake. Kila nilipomuuliza alijibu, "Tutaona." Ikafika siku ya mwisho ya likizo, kesho yake alfajiri napanda basi la Kasulu kurudi kazini, na jibu bado lilikuwa lile lile.

Asubuhi hiyo akaja mjomba, mdogo wake mama. Alikuwa askari wa wanyamapori, na watu walimwita bwana nyama ingawa hakuwa bwana wa chochote. Alikuwa anawapelekea wenzake unga kambini, na ndani ya Landrova palikuwa na nafasi.

"Twendeni mkapumzike," alisema. "Mkaone wanyama."

"Wanyama nawajua," mama alijibu. "Nguruwe wamemaliza muhogo wangu."

"Hao wezi, dada. Mimi nakupeleka kwa waungwana."

Tuliteremka kutoka vilimani, miti ikapungua, nyasi zikaongezeka. Nyamera walikuwa wamesimama juu ya vichuguu, kila mmoja na chake, wakitutazama bila haraka. Nilizaliwa wilaya hiyo hiyo na sikuwahi kuwaona. Mtoni mjomba alizima gari mbele ya maji mapana yaliyotulia. Hapakuwa na kitu. Tulingoja mpaka nikaanza kudhani anatutania. Halafu maji yakapasuka, kikatoka kichwa kikubwa, masikio yakatikisika.

"Ameibuka!" mjomba alisema.

"Amekumbuka nini?" mama akauliza.

Kwetu, kwa Kiha, kwibuka ni kukumbuka. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza, na alikuwa ameuliza kweli. Mjomba alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Amemkumbuka mke wake!"

"Basi huyo ana adabu," mama alisema. Alimtazama kiboko akizama tena, kisha akasema taratibu, "Baba wa binti yangu huyu alikuja kukata matete huku, tukiwa wapya. Alifukuzwa na mmoja kama huyo. Alirudi hana matete, hana panga, na suruali ina mguu mmoja. Akaniambia ameteleza."

Mjomba aliacha kucheka. Mimi nilitazama maji. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu nije, kumsikia akimtaja baba.

Chemchemi ya maji ya moto ilikuwa mbele kidogo, chini ya miamba. Tuliona mvuke kwanza, tukasikia harufu ya chumvi na ya kitu kama mayai yaliyooza. Maji yalitoka kwenye ufa yakichemka kama sufuria iliyofunikwa. Mama aliinama, akachungulia chini ya mwamba upande huu, akazunguka upande wa pili.

"Musaza," alimwita mdogo wake kwa Kiha, "nani anachochea?"

"Mungu."

"Kuni anapata wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyebeba kuni kichwani tangu utoto alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Nami sikujua. Darasa langu la nne halikufika huko.

Mjomba alijitenga nyuma ya mwamba na bunduki yake ili tuoge. Tulijifunga kanga, tukaketi mbali na ufa, mahali maji yalipokuwa yamepoa kiasi cha mwili kuvumilia. Yalitufika kifuani. Mama alifumba macho.

"Nilimchemshia baba yako maji asubuhi na jioni, mpaka siku ile," alisema. "Yale ya mwisho sikuyamwaga. Yalipoa yenyewe."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, na mimi nikalia naye. Hatukushikana wala kuambiana pole.

Tulikuwa bado tunapangusa nyuso nilipomwona mjomba juu ya mwamba, kiganja chini, akituashiria tusinyanyuke. Bondeni, maji yale yanapotulia na kuacha tope jeupe la chumvi, walikuwa wamefika tembo. Jike kubwa alikuwa analichimba tope kwa mguu wa mbele, polepole, kisha analila. Ndama alisimama chini ya tumbo lake kama yuko chini ya paa la nyumba. Tuliwasikia wakipumua. Tulisikia matumbo yao yakinguruma. Sikuogopa, na hadi leo siwezi kueleza kwa nini. Nilijiona mdogo sana, na udogo ule ulinipumzisha kuliko likizo nzima. Mama alikuwa ametulia, maji kifuani, hata kupangusa kamasi amesahau. Walipokwisha kula walitoweka kwenye nyasi bila kishindo.

Garini, njiani kurudi, nilimuuliza tena.

"Siji," alisema. "Ndiyo kwanza nimeanza kumlilia. Huko kwenu Tabora nitamlilia wapi?"

Nilikifikiria chumba changu cha kupanga. Ukuta wake haukufika darini. Jirani akikohoa nilimpa pole. Nilimwambia mama kwamba hapana nafasi ya kulia huko. Alfajiri alinisindikiza mpaka barabarani, nikapanda basi peke yangu.